Lulla Aliyenong'ona Hodi

Siku aliyozaliwa Lulla hakulia. Mkunga alimning'iniza kwa miguu, akampiga makofi mawili ya matako, akaongeza la tatu kwa hasira zake mwenyewe, na mtoto akamtazama tu, tena kwa adabu. Mama mtu akasema, "Amekufa." Mkunga akasema, "Hajafa, mwanangu. Nadhani hataki kusumbua watu." Ndivyo alivyoishi miaka arobaini na miwili pale Eskburna, bila kusumbua watu, na ndivyo nusura apoteze mkono wake wa kulia.

Maana Lulla alizaliwa katika nchi isiyomfaa. Kwa Wasaksoni wa bonde lile, uungwana ni makelele. Mwizi huja kimya, mtu mwema husikika. Ukiacha njia kuu ukaingia msitu usio wa kijiji chako, sharti upige kelele au upulize baragumu, wenye msitu wajue kuna mtu. Usipofanya hivyo, sheria ya mfalme inakuhesabu mwizi, na atakayekukuta ana ruhusa ya kukuua papo hapo kisha akaenda zake kula chakula cha mchana. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Simba huku hakuna, lakini waliotunga sheria ile walimwelewa vizuri sana. Mimi sheria hiyo siipendi, na nasema wazi. Imewaacha wezi wengi wenye mapafu mazuri wakipita salama salimini.

Sauti ya Lulla haikuwa mbaya. Ilikuwa ya upole, ya kupendeza, ila ilikuwa haifiki. Ilitoka kifuani ikaishia kwenye masharubu. Siku ya harusi yake padri alimwuliza kama anamtaka Hungifu, Lulla akajibu, na padri akaendelea kusubiri jibu, hadi bibi harusi akachoka. "Amekubali," alisema Hungifu. "Endelea, padri, nyama inaungua." Wako watu Eskburna ambao mpaka leo wanashikilia kwamba ndoa ile ilifungwa na mtu mmoja.

Hungifu yeye alipewa sauti ya watu wawili, na huenda moja ilikuwa ya mumewe. Alipoita ng'ombe wake jioni, walikuja na ng'ombe wa jirani. Wawili hao walipendana sana. Nyumbani yeye alisema, mume akaitikia kwa kichwa, na siku mume alipopinga jambo, mke aliinama akasogeza sikio kabisa, jambo ambalo wake wengi wenye waume wa kupayuka hawajawahi kulifanya.

Kazi ya Lulla ilikuwa nyuki. Kazi gani nyingine? Nyuki hawapendi kelele, naye hakuwa nayo. Alikuwa na mizinga kumi na minane ya majani makavu yaliyosukwa, imepangwa nyuma ya nyumba mahali upepo haufiki. Aliingiza mkono mtupu ndani akatoa sega zima bila kulivunja, na nyuki wakamtembea vidoleni hawana habari naye. Asali yake ndiyo iliyotengeneza pombe ya sikukuu zote za kijiji, na nta yake ndiyo iliyowaka madhabahuni. Hakuna aliyemwita mtu mashuhuri. Lakini alipougua majuma mawili wakati mmoja wa baridi, kanisa lilikuwa giza, na watu walikunywa maziwa ya mgando kwenye harusi wakatazamana.

Basi mwezi wa tano, Lulla akiwa na miaka arobaini na miwili, kundi moja la nyuki likahama. Likainuka na malkia wake, likavuka mto, likaelekea msitu wa Thornlea, kijiji cha jirani. Lulla akachukua kikapu na shuka, akakimbia nyuma yake. Nyuki wakihama, mwenyewe akiwapoteza machoni ndiyo basi, wamekuwa wa Mungu. Alivuka mto maji yakimfika kiunoni, akafika ukingo wa msitu, akasimama. Yeye alikuwa mtu wa sheria. Akavuta pumzi, akafumba macho, akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Hodi! Hodi! Hodi! Mimi ni Lulla wa Eskburna, nawafuata nyuki wangu!"

Kindege kilichokuwa kwenye tawi juu ya kichwa chake hakikugeuka hata kutazama.

Lulla akaingia ameridhika. Akawakuta nyuki wake wamejikusanya kwenye tawi, si mbali na ukingo, akawatikisa taratibu ndani ya kikapu, akafunika shuka. Alipogeuka akamkuta Ordgar, mlinzi wa msitu wa Thornlea, na shoka mkononi, na wanaume wawili nyuma yake. Ordgar alikuwa na kisirani tayari. Mwezi ule alikuwa ameibiwa mizinga mitatu, na sasa huyu hapa mgeni, kimya, kikapu kinavuma.

"Simama, mwizi!"

Lulla akasimama, ingawa alikuwa amesimama tangu mwanzo.

"Unafanya nini msituni kwetu?"

Lulla akajibu.

"Nimekuuliza unafanya nini!"

Lulla akajibu tena, na jina la kijiji chake akaongeza.

"Mnaona?" Ordgar aliwaambia wenzake. "Jeuri. Hataki hata kusema." Akainua shoka.

Hapo ndipo ng'ambo ya mto ilipotokea sauti iliyowafanya watatu wale warudi nyuma hatua moja.

"Wee Ordgar! Wee mwana wa mbuzi! Nakuona! Shusha hilo shoka, mwache mume wangu, la sivyo nakuja kukung'oa ndevu moja moja, na mama yako atahesabu!"

Ordgar alikuwa haogopi mwanamke. Lakini kumuua mtu mbele ya shahidi ni jambo lingine, tena shahidi wa namna hiyo, ambaye kabla ya jua kutua vijiji vitano vingekuwa vimekwisha kupata habari. Akashusha shoka, akamfunga Lulla mikono, wakampeleka kwa akida wa mfalme.

Akida aliitwa Wulfmar, mtu mnene mwenye haki ya kutosha na subira ndogo.

"Ulipiga kelele kabla ya kuingia?" aliuliza.

Lulla akatikisa kichwa ndiyo, akasema neno. Akida akainama karibu.

"Anasema alipiga. Nani alikusikia?" Akainama tena, kisha akanyooka polepole. "Anasema nyuki."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Akida naye alicheka, halafu akakumbuka kuwa yeye ni akida. Lulla hakuelewa kinachochekesha. Alikuwa amepiga kelele, tena koo lilikuwa bado linamwuma.

Hukumu ilikuwa hivi. Siku ya saba, kwenye Jiwe la Baraza, Lulla ataapa kwamba hakuiba, na watu kumi na mmoja wataapa pamoja naye kwamba kiapo chake ni safi. Maneno ya kiapo yatasemwa neno kwa neno, na kila aliyepo ayasikie. Mtu mmoja akipungua, au kiapo kisiposikika, Lulla ataokota chuma kilichotolewa motoni, atembee nacho hatua tisa. Mkono utafungwa kitambaa siku tatu. Ukifunguliwa ukakutwa unapona vizuri, hana hatia. Ukikutwa umetunga usaha, ni mwizi, na mkono wenyewe unakatwa.

"Umesikia?" akida alimwuliza.

Lulla alikuwa amesikia. Yeye kusikia hakukuwa na shida.

Hungifu akaanza kutafuta watu jioni ile ile. Wanane walikubali kwa moyo mweupe. Wa tisa alikubali kwa kuahidiwa pombe ya asali, wa kumi kwa kuahidiwa kwamba Hungifu ataondoka mlangoni kwake. Wa kumi na mmoja hakupatikana. Eskburna ni kijiji kidogo, na mtu aliyewahi kukamatwa na kiapo cha uongo haruhusiwi kuapa tena maisha yake yote. Ukiwatoa hao, na wagonjwa, na waliokwenda kwenye vita vya mfalme, alibaki mmoja tu. Alikuwa Sibba mfuga kondoo, na Sibba alikuwa hajasema na Lulla kwa miaka tisa.

Hungifu alimkuta amekaa juu ya kondoo, anamkata kwato.

"Umepotea njia," alisema Sibba bila kuinua kichwa.

"Sijapotea. Nataka mkono wako."

"Mkono wangu una kazi."

"Watamchoma, Sibba."

"Wachome. Mtu mwenye kiburi kama kile akichomwa kidogo huwa anaiva." Akamgeuza kondoo upande wa pili. "Unanijia mimi! Nguruwe wenu alikula shayiri yangu nusu shamba. Nusu, Hungifu! Na mimi nikasema sitaki malipo. Nilisema nini? Aje aniombe radhi mbele ya watu, yaishe. Akaja. Akasimama mbele yangu, akanitazama machoni, akanyamaza. Kijiji kizima kinaona! Akanifanya mjinga, akageuka akaenda zake."

"Alikuomba radhi."

"Nilikuwepo!"

"Na mimi nilikuwepo, tena bega kwa bega naye. Alisema, 'Sibba ndugu yangu, nimekukosea, kosa la nguruwe wangu ni langu, nisamehe.' Alikaa siku mbili akiyapanga maneno yale. Na njiani alilia, kwa sababu hukumjibu."

Sibba akamwachia kondoo. Kondoo akaondoka na kwato tatu safi na moja chafu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningejuaje? Nilidhani umesikia ukakataa. Miaka tisa nakuombea ufe."

"Hata mimi niliwaombea," alisema Sibba. Akakaa chini kwenye nyasi. "Miaka tisa! Sijaonja asali yake miaka tisa. Mke wangu hunitengenezea mikate kwa asali ya Thornlea. Inanuka moshi, Hungifu. Inanuka viatu." Akatukana tusi moja refu, na haikujulikana kama lilikuwa la Lulla au la masikio yake mwenyewe. Kisha akasema atakuja.

Sasa palikuwa na watu kumi na mmoja. Kilichokosekana ni sauti, na hiyo huwezi kuiomba mlangoni kwa jirani. Siku nne mfululizo Hungifu alimpeleka mumewe ukingoni mwa mto, akamsimamisha mbele ya mabata bukini.

"Apa," alisema.

Lulla akaapa.

"Mabata hawajageuka. Apa tena."

"Nimepiga kelele sana," alinong'ona Lulla.

"Mume wangu, hizo ni sala. Kelele ni hizi." Akamwonyesha, na mabata wote wakaruka mtoni, na mwanamke mmoja akatoka ndani ng'ambo ya pili kuuliza nani amekufa. Jioni ya siku ya nne bata mmoja aligeuza shingo kidogo wakati Lulla akiapa. Hungifu alimkumbatia mumewe kwa furaha. Usiku hakulala, kwa sababu alijua bata yule alikuwa anajikuna.

Siku tatu za mwisho mshtakiwa hukaa kanisani na padri, wakila mkate, chumvi, maji na majani tu, ili chuma kikimgusa kimkute safi. Padri alipenda kula. Siku ya saba alitoka na macho mekundu, akamtazama Ordgar kwa chuki kubwa kuliko ya mshtakiwa mwenyewe.

Jiwe la Baraza lilizungukwa na watu, Thornlea upande huu, Eskburna upande ule. Pembeni moto ulikuwa umewashwa mapema, na chuma kilikuwa ndani yake, kimeanza kubadilika rangi. Lulla akaweka mkono juu ya sanduku la mifupa ya mtakatifu. Nyuma yake wakasimama kumi na mmoja, Sibba mwishoni kabisa, uso mkali.

Lulla akaapa. Midomo ilionekana ikienda.

"Hatujasikia!" walipiga kelele watu wa Thornlea.

"Hata mimi," alisema akida. "Rudia."

Lulla akarudia. Safari hii waliokuwa mbele walipata jina la Ordgar na mwisho wa neno jingine.

"Lulla," alisema akida, na sauti yake haikuwa ya ukali, "mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Mimi sikuitunga sheria hii. Nisaidie."

Hungifu alikuwa ameuma kitambaa chake cha kichwa, maana mwanamke akimsemea mumewe kiapo, kiapo kimeharibika. Lulla akautazama mkono wake juu ya sanduku. Akatazama chuma. Alijua mkono huo ukikunjamana kwa moto hautaingia tena mzingani, nyuki hawautaki mkono unaotetemeka. Akafungua kinywa, na safari hii hata ile sauti ndogo ya siku zote ilikuwa imekimbia. Alisimama kinywa wazi, na watu wa Thornlea wakaanza kuguna.

Sibba akakohoa.

"Bwana akida, kabla hatujaendelea. Mimi nina wasiwasi na mtu huyu."

Eskburna nzima ikageuka.

"Sasa ndiyo unakumbuka?" alisema akida.

"Nimekumbuka sasa hivi. Asali yake ni chafu. Huichanganya na unga wa maharage, na maji ya bwawani. Kila mtu anajua." Alikuwa anasema taratibu, akimtazama Lulla kisogoni. "Nyuki wake wenyewe ni wavivu, wanakufa kwa njaa kwa sababu hawatunzi. Na mishumaa ile ya madhabahuni, padri, samahani, ile si nta. Ni mafuta ya nguruwe."

Kisogo cha Lulla kikawa chekundu. Kisha masikio. Kisha Lulla akageuka, mkono bado uko juu ya sanduku, na kitu kilichokaa kifuani miaka arobaini na miwili kikatoka chote kwa pamoja.

"MWONGO!"

Kunguru waliruka kutoka kwenye miti. Farasi wa akida alikata kamba.

"Asali yangu ni safi! Nta yangu ni safi! Nyuki wangu nawalisha wakati wa baridi kabla mimi sijala! Mwongo, Sibba, mwongo mkubwa!"

"Na wa Ordgar je?" Sibba alifoka naye. "Hukumwibia?"

"KWA JINA LA BWANA," alinguruma Lulla, "SINA HATIA, KWA TENDO WALA KWA SHAURI, YA WIZI ANAONISHTAKI ORDGAR!"

Neno kwa neno. Hakuna lililodondoka. Ordgar, aliyekuwa amesimama hatua chache tu, alikuwa ameziba sikio moja kwa kidole. Ng'ambo ya mto, kule mbali, bata mmoja alilia.

Hungifu aliachia kitambaa kikaanguka, akalia kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Nadhani," alisema akida, "tumesikia."

Wale kumi wakaja mmoja mmoja, wakaweka mkono, wakaapa. Ilipofika zamu ya Sibba, akida akamzuia.

"Wewe umetoka kumchafua mtu huyu mbele yangu. Utaapaje?"

"Bwana akida, wakati ule mkono wangu ulikuwa kwenye mkanda. Sasa uko kwenye sanduku." Akauweka, wazi, vidole vyote vitano. "Kwa jina la Bwana, kiapo alichoapa Lulla ni safi, hakina uongo."

"Na mishumaa yangu?" aliuliza padri kwa unyonge.

"Nta tupu, padri. Nenda kale."

Akida akamwambia Ordgar akamtafute mwizi wake mahali pengine, na safari nyingine amsikilize mtu kabla ya kuinua shoka. Ordgar akasema alisikiliza sana. Mtu mmoja akamwaga ndoo ya maji juu ya chuma, kikapiga mvuke, kikanyamaza. Watu wakaanza kutawanyika, wote wakizungumza pamoja kwa makelele, ndiyo desturi.

Lulla akabaki amesimama kwenye jiwe. Sibba naye akabaki, akijifanya anakaza mkanda wake. Lulla akamwendea. Akanyoosha mkono wa kulia, ule ule, na midomo yake ikaanza kwenda. Ilikwenda muda mrefu. Hakikutoka kitu, hata pumzi, maana koo lilikuwa limechanika kwa kelele na sauti imekwisha kabisa.

Sibba alingoja mpaka midomo iliposimama. Akaushika ule mkono, akaufunika na wake wa pili.

"Nimesikia," alisema.